Phakiso wa Kingsway

Asubuhi za kipupwe, kabla jua halijapanda juu ya kanisa kuu, barabara ya Kingsway huwa haijaamka sawasawa. Moshi wa makaa unateremka kutoka mitaa ya juu, ukungu unapanda kutoka mto Mohokare, vinakutana hapo katikati ya Maseru na kukaa. Watu wanapita humo wamejifunika mablanketi mpaka puani. Miguu huioni. Unaona mablanketi tu, yanaelea kwenda kazini.

Ni saa hizo 'Maphakiso alikuwa akifika. Anatandika gunia lake ukutani, hatua chache kutoka posta, juu ya gunia kitambaa chekundu, juu ya kitambaa anapanga pini. Pini kubwa za blanketi, urefu wa kidole, nyingine zina kichwa cha shaba, nyingine zimefuliwa umbo la kofia. Halafu anakaa, anajikunyata, na anaanza kuota macho wazi. Alikuwa na kipaji hicho. Ungeweza kumsalimia mara mbili asisikie, na ya tatu akakujibu kwa upole kama mtu uliyemkuta nyumbani kwake akipika.

Wapo watakaosema, pini! Nani anaishi kwa pini? Hao hawajapigwa na upepo wa mwezi wa saba wakiwa na blanketi lisilofungika. Wanaume wazima walikuwa wakishuka kutoka milimani, watu wenye mifugo na heshima zao, wanafika Kingsway pini imekatika, wamelikamata blanketi kwa mkono kama mtu aliyekatikiwa mshipi wa suruali. 'Maphakiso aliwafunga mwenyewe. Mwanamume begani kulia, mwanamke kifuani. Anawageuza, anavuta mstari wa blanketi mpaka usimame wima, maana mstari ukilala, mambo ya mwenye blanketi nayo yanalala, na hilo halihitaji kusomewa mtu.

"Simama wima, ntate. Hivyo. Sasa unafanana na mtu mwenye ng'ombe."

"Ng'ombe ninao, 'm'e."

"Basi leo wameonekana."

Jirani yake ukutani hapo alikuwa Ntate Sekake, fundi viatu, mtu mwenye mikono mizuri na mdomo usiopumzika. Alijua nani ameachwa, nani ameongezwa cheo, nani anavaa soksi zilizotoboka ndani ya kiatu cha bei mbaya. Jambo moja tu hakulijua ingawa alikaa pembeni yake miaka na mikaka: kile 'Maphakiso alichokuwa akikitazama ng'ambo ya barabara.

Sasa tuje kwenye jina. Kwetu mwanamke hangoji kuzaa ndipo aitwe mama fulani. Siku anapoingia kwa mumewe anachinjiwa kondoo wa kumkaribisha, tunayemwita wa tumbaku, anavikwa blanketi, na wakwe wanamwambia mbele ya watu: leo wewe ni mama wa fulani. Huyo fulani bado yuko kwa Mungu, hata mizigo hajafunga. Jina linatangulia, mtoto anafuata. Ndivyo Selloane, msichana mwembamba mwenye aibu, alivyoamka siku moja akiwa Selloane na kulala akiwa 'Maphakiso. Phakiso, maana yake haraka, lilikuwa jina la baba mkwe wake, mzee aliyezaliwa njiani mama yake akitoka kisimani, kwa haraka zake. Mumewe, Molefi, alikuwa kifungua mimba, kwa hiyo jina la mzee lilikuwa haki ya nyumba yake.

Jina likafika. Mtoto hakufuata.

Mwaka wa kwanza watu walisema bado mapema. Mwaka wa pili walisema Molefi yuko migodini, au mnataka mtoto aje kwa barua? Baadaye wakaacha kusema, na kimya chao kilikuwa kibaya zaidi. Ndipo mama mkwe, mtu wa zamani yule, Mungu amrehemu, akafinyanga mwanasesere wa udongo, akamvika shanga na kipande cha blanketi, akampa mkwewe. "Mbebe. Mwite jina lake. Mwimbie. Mwenyewe huko aliko atasikia wivu, atakuja."

Akambeba. Wakati huo alikuwa amepata kazi ya kufagia katika duka la mablanketi hapo hapo Kingsway, na mwanasesere alikuja naye kazini kila siku, mgongoni, ndani ya shali. Akifika anamlaza stoo, juu ya rafu, kati ya mablanketi mapya ambayo hayajaguswa na mtu, mahali pa joto. Wenzake walicheka, lakini walicheka wakiwa wamegeuza uso. Saa ya chakula alikwenda kumchungulia. Usingizi wa mtoto unanukia sufu mpya, aliwahi kusema.

Kisha ukaja mwaka wa ghasia na moto. Sitausimulia. Aliyekuwepo anaujua, na asiyekuwepo ashukuru. Kingsway iliungua upande huu na upande huu, na lile duka lilikuwa kati ya yaliyoteketea, mwanasesere akiwa bado juu ya rafu. Walipoanza kuruhusu watu kupita, 'Maphakiso alikwenda akasimama juu ya majivu, akachokoa kwa kijiti. "Udongo hauungui," alikuwa akijisemea, "udongo unakomaa tu." Alichokoa mpaka mchana. Paa lilikuwa limeanguka juu ya rafu na hakukuta hata kigae.

Alipoinua kichwa, ng'ambo ya barabara mtoto wa shule alikuwa akivuka. Sweta ya kijivu, begi mgongoni, mwendo wa Molefi kabisa, ule wa kutupa mguu wa kushoto kidogo nje. Alivuka bila kugeuka, akapotea kwenye kona ya posta. 'Maphakiso alibaki na kijiti mkononi. Akasema moyoni, haya, kumbe ameshaanza kutembea.

Hakuwa mwendawazimu, na nitagombana na atakayesema hivyo. Alijua vizuri kwamba yule ni mtoto wa watu, ana mama yake anayemsubiri na ugali. Lakini kesho yake alimwona tena, kwa mgongo wa mtoto mwingine, na wiki iliyofuata kwa kicheko cha mwingine. Barabara ilikuwa ikimwazima. Leo mabega ya huyu, kesho kofia ya yule, na yeye kutoka vipande hivyo alikuwa akimjua mwanawe. Uso tu hakuwahi kuuona. Phakiso alikuwa akipita daima akienda mbele.

Alimkuza hivyo, akiwa amekaa juu ya gunia na pini zake, maana baada ya moto duka halikurudi. Alimsikia sauti ikianza kuwa nzito. Alimwona na suruali iliyokuwa fupi ghafla. Mwaka fulani alipita na kundi la vijana wanaopiga mluzi na 'Maphakiso akakosa usingizi kwa siku kadhaa, akiwaza marafiki gani hawa. Molefi aliporudi kutoka migodini na kifua kibovu, akalala, akakohoa, na mwishowe akazikwa, siku ya pili baada ya kunyolewa nywele za msiba 'Maphakiso alikuwa Kingsway, na kijana mmoja alipita taratibu kuliko siku zote, kichwa kimeinama. Alishukuru. Siku hizi Phakiso alikuwa mtu mzima. Alivaa koti la kijivu, alifanya kazi wizarani, na kila jioni aliteremka kutoka upande wa kanisa kuu, amechoka, akielekea nyumba ya Kofia, ile yenye paa la umbo la kofia ya Kisotho. Mama akimwona tu, moyo unatua, anafunga pini zake, anakwenda zake.

Hayo ndiyo aliyokuwa nayo. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa saba, barafu bado nyeupe kwenye mifereji, akatokea wifi yake, 'Makhauhelo, dada wa marehemu Molefi. Mwanamke mnene, shingo imenyooka, ametoka kijijini Ha Lebesa na baridi yake. Alivuta kreti la Ntate Sekake akakaa bila kuuliza.

"'M'e, hicho kiti cha mteja," Sekake akasema.

"Na mimi mteja. Kiatu hiki hapa, kishone. Masikio yako yaendelee na kazi yake, najua hayawezi kupumzika." Akamgeukia mwenzake. "Amani, wifi."

"Amani, wifi. Umekuja na baridi."

"Nimeikuta hapa. Ninyi watu wa mjini mnaifuga." Akakung'uta vumbi lisilokuwapo kwenye sketi. "Nimetumwa."

"Na nani?"

"Na nyumba nzima. Walio hai na waliolala."

'Maphakiso aliweka chini pini aliyokuwa akiisugua.

"Mtoto wa Lebeko anaoa," wifi akasema. Lebeko ni mdogo wake Molefi.

"Najua. Anamwoa Keneuoe. Jumamosi. Nimeshatenga pini ya zawadi."

"Ahsante. Sasa kondoo yupo, blanketi lipo. Jina ndilo hatuna."

"Majina yameisha Lesotho?"

"Wifi, usinichezee, mimi na wewe tumezeeka. Tunataka jina la baba. Limelala kwako muda wote huu na hakuna aliyekulaumu. Nani amekulaumu? Mtaje nimfuate. Lakini jina si blanketi la kufungia sandukuni. Linataka mtu. Lebeko anaumwa, unajua anavyoumwa. Anataka asikie baba yake anaitwa uani kabla hajafumba macho. Ameniambia hivyo, analia. Lebeko!"

Ntate Sekake alikuwa ameacha kushona. Hata yeye aliona haya kusikiliza, akaanza kutafuta nta iliyokuwa mbele yake.

"Na mimi mtaniitaje?" 'Maphakiso akauliza.

"Tutakupa jingine. Siku hiyo hiyo, mbele ya watu, kwa heshima zote."

"Lipi?"

"Halitakosekana. Ama urudie lile la kwenu. Selloane. Zuri tu."

"Selloane! Na mvi hizi? Nipite njiani vibinti viniite kama mwenzao wa kuruka kamba?"

"Sasa unataka nifanyeje?" Sauti ya 'Makhauhelo ilipanda, wapita njia wakageuka. "Ukikataa umekataa. Jina halinyang'anywi. Linatoka kwa mdomo wa mwenyewe, ama anazikwa nalo. Lakini ukizikwa nalo, ujue umemzika baba mara ya pili."

"Wifi," 'Maphakiso akasema polepole, "mmekuja kunichukulia mtoto."

'Makhauhelo alimtazama. Hakuwa na nia mbaya, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu yenyewe. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Mtoto gani, wifi?"

Kiatu kikaisha kushonwa, mwenyewe akakivaa, akasema atasubiri jibu Jumamosi, akaondoka akiteremka barabara. 'Maphakiso alibaki anaangalia kitambaa chake chekundu.

Siku zile zilizofuata alizipita kama mtu anayetembea ndani ya maji. Wateja walikuja, akawafunga, mistari ikasimama, lakini mikono ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi peke yake. Alikuwa akipima. Jina lile ndilo alilofunguliwa nalo mlango, ndilo Molefi alilomwita kwenye barua zake zote, ndilo lililoandikwa kwenye kadi ya hospitali. Hilo angeweza kuliacha, ingeuma ikapoa. Lakini Phakiso? Mtu mzima yule, na koti lake, na uchovu wake wa jioni, angekwenda wapi jina lake likivaliwa na kichanga cha watu? Angepita Kingsway akiitwa nani? Aliwaza hivyo mpaka kichwa kikawa chepesi, na barabara mbele yake ikawa inapungua sauti, magari yanapita bila kelele, watu wanafungua midomo na kufunga, na jua la kipupwe limetanda juu ya yote, jembamba, lisilopasha kitu.

"Umekula?" Sekake akamuuliza.

"Nimekula."

"Muongo. Chukua hii." Akamkatia nusu ya mkate wake na kipande cha utumbo. "Mtu haamui jambo na tumbo tupu. Tumbo likiwa tupu linaamua lenyewe."

"Wewe ungefanyaje, ntate?"

"Mimi? Mimi nina watoto saba na hakuna hata mmoja anayenipigia simu. Usiniulize mimi mambo ya watoto." Akatafuna. "Lakini jina langu hawalipati ng'o. Labda wanipeleke kwanza kaburini."

Siku mbili kabla ya harusi, jioni, Phakiso akateremka kutoka upande wa kanisa kuu. Koti la kijivu, mguu wa kushoto unatupwa nje kidogo. 'Maphakiso alimwona anapita taa za barabarani, na jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote akalifanya. Akasimama.

"Niangalizie pini, ntate."

"Unakwenda wapi?"

"Kuuliza kitu."

Akamfuata. Alitaka amuulize mwenyewe. Ni jambo lake, ni jina lake, aseme. Walipita posta. Walipita mahali ambapo yeye na Molefi walisimama kupiga picha mwaka wa kwanza, mpiga picha akiwaambia wacheke na wao wakaogopa kucheka. Walipita pale palipokuwa na duka, siku hizi pana benki ya vioo, na ndani ya vioo alijiona anapita, mwanamke mfupi anayekazana, na mbele yake mgongo wa kijivu. Wanawake walikuwa wanachoma mahindi, moshi unavuka barabara na kila aliyeingia ndani yake alitoka upande wa pili akiwa na rangi ya jua linalozama. Alipenda kutembea hivi. Alitamani barabara isiishe. Angeweza kutembea nyuma ya mwanawe mpaka darajani, mpaka mpakani, mpaka huko baba yake alikovunjika kifua, asimwone uso na asijali. Lakini nyumba ya Kofia ilikuwa inakaribia, na watu walikuwa wanaongezeka kati yao, na koti linazama.

"Phakiso!"

Hakuwahi kulitamka kwa sauti pale nje. Lilimtoka kubwa, hata yeye akashtuka.

Sasa Kingsway ni barabara ya watu. Ukiita Thabo pale jioni, nusu ya barabara inasimama na magari yanapiga honi. Ukiita Palesa, mpaka wauza mahindi wanageuka. Ita jina lolote la Mosotho, utapata mtu. 'Maphakiso aliita Phakiso na hakugeuka mtu. Akaita tena. Watu wakampita kulia na kushoto. Lile koti likakata kona lenyewe, likaingia kwenye teksi ya kwenda mpakani, likafunga mlango. Jina lilikwenda mpaka nyumba ya Kofia na kurudi peke yake.

Mama mmoja muuza machungwa akamwita. "'M'e, umepoteza mtoto?"

"Hapana."

"Nimesikia unamwita."

"Nilikuwa namwita tu."

"Basi mwite tena, pengine hajasikia. Watoto wa siku hizi wanaziba masikio kwa waya."

'Maphakiso hakuita tena. Alijishika ukutani na akalia, pale pale, mbele ya machungwa, bila kujificha. Nilimpa koti, aliwaza. Nilimpa kazi wizarani, nilimpa mwendo wa baba yake. Sikuweza kumpa mdomo wa kuitikia. Muuza machungwa alimenya chungwa moja, akamtia mkononi, akaendelea kuuza.

Jumamosi alikuwa Ha Lebesa mapema. Keneuoe alikuwa ameketi juu ya mkeka, kichwa kimeinama kama inavyompasa bibi harusi, na wanawake wa nyumba wamemzunguka. Blanketi lilikuwa zuri, pini ilikuwa ya ovyo, nyembamba, imeanza kupinda. 'Maphakiso aliiona kutoka mlangoni. Ile pini ya zawadi ilikuwa mfukoni, imefungwa kwenye karatasi, lakini alipopiga magoti hakuitoa. Alifungua iliyokuwa kifuani pake mwenyewe, ya shaba, iliyolainika kwa miaka ya vidole vyake. Blanketi lake likamwachia. Akalishika kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamfunga mwali. Akavuta mstari mpaka ukasimama.

Lebeko alikuwa amebebwa kutoka kitandani, ameegemezwa ukutani na mito.

"Keneuoe," akasema. "Jina hili nimelibeba siku nyingi. Sikulivunja. Sikulitia doa. Nilijitahidi nalo mpaka mwisho wa nguvu zangu, Mungu anajua. Sasa linataka mtu wa kuliitikia. Usiliogope, ni jina la mtu wa haraka, halikai sana njiani." Akaigusa pini kuona kama imeshika. "Leo wewe ni 'Maphakiso."

Vigelegele vilivyolia hapo vilifika mpaka kwenye mazizi. Lebeko alifumba macho, machozi yanamshuka hadi kidevuni. Na 'Makhauhelo, yule yule wa shingo iliyonyooka, alijirusha mabegani mwa wifi yake akalia mpaka kilemba kikamlegea. "Nisamehe, wifi," alikuwa akisema, "nisamehe, wewe ni mtu, wewe ni mtu." Mwali aliinua macho mara moja tu, kinyume cha adabu, akamtazama mwanamke aliyepiga magoti mbele yake, na mkono wake ukapanda kushika ile pini.

Na hapa ndipo ninapokasirika, mpaka leo. Kondoo akaliwa, pombe ikazunguka, wanaume wakaruka ngoma yao ya kukanyaga mpaka vumbi likaingia kwenye nyama. Kila mtu alikuwa na furaha, na furaha ina usahaulifu wake. Lile jina jingine walilosema watampa, mbele ya watu, kwa heshima zote? Wakasahau. Si kwa ubaya. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshalisema. Jioni walimsindikiza mpaka barabarani, wakamfungia nyama kwenye karatasi, wakampungia mikono, na alipoondoka hakuna aliyejua ampungie nani. Alirudi Maseru hana jina.

Jumatatu, ukungu kama kawaida. Alitandika gunia, kitambaa, pini. Akakaa.

"'Maphakiso!" Sekake akamwita. "Leta habari, mbona unaninyima?"

Hakujibu.

"'Maphakiso! Au pombe ya Ha Lebesa imeziba masikio?"

"Si mimi tena, ntate."

Sekake alishusha nyundo. "Kwa hiyo uliwapa."

"Niliwapa."

"Na wao wakakupa nani?"

"Walisahau."

"Walisahau!" Akasimama, nyundo mkononi, kama mtu anayetaka kwenda Ha Lebesa kwa miguu. Akakaa tena. "Basi mimi sikualikwa, kondoo wao sikumla. Hapa ukutani hakuna kilichobadilika. Nitakuita ninavyokuita, na anayetaka kesi aje."

"Hapana, ntate. Niache kwanza hivi hivi."

Siku ikapita. Mchana barabara ilijaa, na jioni ikaanza kupungua, mwanga ukalala chini upande wa mto. Saa yake ilifika. Yeye aliinua macho upande wa kanisa kuu, kama ilivyokuwa desturi ya mwili wake, akangoja.

Watu waliteremka. Walikuwa wengi, wameachiwa kutoka maofisini. Mtu mmoja alikuwa na koti la kijivu, na lilikuwa koti la mtu huyo. Mwingine alitupa mguu wa kushoto nje kidogo, ulikuwa mguu wake mwenyewe, labda aliumia akiwa mdogo. Kijana mmoja alicheka kwa nguvu na alikuwa na uso, uso mpana, wenye chunusi, wa mtoto wa watu wengine. Wote walikuwa na nyuso. Walipita mmoja mmoja mpaka taa zikawashwa, na yeye alikuwa bado anatazama, amelishika blanketi kwa mkono. Pini tele mbele yake, na hakuokota hata moja.

Sekake alikuwa ameshafunga sanduku lake. Alimwona machozi yanavyomshuka, akafuata macho yake mpaka ng'ambo ya barabara, hakuona kitu.

"Unamtafuta nani, dada yangu?"

"Mwanangu. Kila siku alikuwa akipita pale."

Sekake, Mungu ambariki, hakucheka. Aliangalia tena, kwa makini, kulia na kushoto, kama mtu anayesaidia kutafuta.

"Leo simwoni."

"Hutamwona," akasema. "Amekwenda kuzaliwa."